Uzi: Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo imenipokonya mtoto na sina hela ya wakili. Naanzia wapi?

Mama Nuru

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunitupia mawe.

Mwezi huu Mahakama ya Mwanzo moja hapa Dar imetoa hukumu kwenye shauri langu la talaka. Aliyefungua ni mume. Talaka imetoka na sina ugomvi nayo, ndoa ilishakufa zamani. Yanayonikaba ni mawili. Binti yetu amepewa baba yake, kwamba mimi sina kipato cha kueleweka. Na nyumba ya Chanika, ambayo mafundi nilikuwa nawasimamia mimi na chakula chao napika mimi, nimepewa asilimia 15.

Mwenzangu alikuja na wakili. Mimi nilikuwa na mdomo wangu tu. Nataka mahakama iangalie upya. Mmoja ananiambia niandike barua kwa hakimu yule yule, mwingine anasema rufaa, mwingine anasema nimechelewa nikubali yaishe. Nauza vitumbua, hela ya wakili haipo. Naomba mwenye kujua anieleze kwa lugha ya kawaida.

Kijiwe_Nongwa

Asilimia 15 ya nyumba ya Chanika si ni choo na ngazi ya mbele? 😂 Pole lakini dada yangu. Nakaa hapa nasubiri wajuvi.

BabaWatatu

Kila siku wanawake ndio mnapendelewa mahakamani, leo kibao kimegeuka mmoja analia. Baba naye ni mzazi. Kubali.

Binti Uluguru

BabaWatatu, mwenye uzi hajasema baba si mzazi. Ameuliza njia ya kisheria, kama huna ya kumsaidia pita kimya.

Mama Nuru, pole sana. Kabla sijasema neno: hukumu ilisomwa tarehe ngapi hasa? Usiiandike hapa, iweke kichwani, maana kila utakachoambiwa kinategemea hiyo tarehe.

Mzee wa Masijala

Nimekaa masijala ya mahakama mpaka nikastaafu. Wakili si mimi, ila mafaili yaliyopita mikononi mwangu sina hesabu yake, na waliokuja na swali kama lako ni wengi kuliko wenye swali lolote lingine.

Hukumu ya ndoa usiibebe kama furushi moja. Ifungue. Ndani mna talaka, mna mali, mna mtoto, mna matunzo, na kila kimoja kina mlango wake wa kurudia. Wengi wanaandika barua ya kurasa sita, "sikuridhika na hukumu yote", wanaipeleka kwenye mlango usio wake, na wakati wanajibiwa, mlango wa kweli umeshafungwa.

Anza na mali. Mgawanyo wa nyumba, ukishaamuliwa, hauna njia ya kurudi kwa hakimu yule yule kumwambia "fikiria tena". Hapo ni rufaa Mahakama ya Wilaya, basi. Siku zake sasa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, kifungu cha 20, inatoa siku 30 kutoka Mwanzo kwenda Wilaya. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 80, inataja siku 45. Mawakili wamebishana sana juu ya hizo mbili. Usikubali shauri lako ndilo liwe la kujaribia, hesabu 30 na uingie ndani yake.

Mtoto ni habari nyingine kabisa. Amri ya malezi na ya matunzo ya mtoto haifungwi moja kwa moja. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa kinairuhusu mahakama, wakati wowote, kubadilisha au kufuta amri hiyo ikiwa ilijengwa juu ya maelezo ya uongo au kosa la ukweli wa jambo, au kama hali imebadilika kwa kiasi kikubwa tangu itolewe. Hata baada ya miaka. Kwa hiyo aliyekwambia umechelewa, kwa upande wa mtoto amekudanganya.

Angalizo: sheria zimechapwa upya kwenye Toleo la 2023, na namba za vifungu zaweza kuwa zimesogea. Ukifika mahakamani ulizia namba ya sasa.

Mama Nuru

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma mara tatu. Sasa hiyo rufaa si lazima niwe na nakala ya hukumu? Nimeenda kuiulizia naambiwa haijachapwa, nirudi.

Mzee wa Masijala

Marahaba mwanangu. Hapo ndipo wengi walipozama.

Kwa rufaa inayotoka Mwanzo, sheria haikulazimishi kuambatisha nakala ya hukumu. Siku zinahesabiwa tangu hukumu iliposomwa. Hazisubiri mchapaji. Mtu anafuatilia nakala wiki baada ya wiki, anaipata, anakwenda Wilayani akiwa na amani yote, anaambiwa amechelewa. Akisema nilikuwa nasubiri nakala, anajibiwa hukuhitaji nakala. Nimewaona watu wazima wakilia koridoni kwa jambo hilo.

Endelea kuiomba kwa barua, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yako. Itakusaidia kuandika sababu vizuri, na kama utachelewa kweli, ndiyo ushahidi kwamba hukulala. Lakini isikuzuie kufungua.

Kijiwe_Nongwa

Mzee umenifungua macho. Mimi nilidhani rufaa ni mpaka uwe na makaratasi ya kilo mbili.

mtu_kazi_88

Dada, achana na habari za vifungu. Tafuta mtu anayemjua hakimu mfawidhi, ongea naye vizuri, mpe soda. Nchi hii mambo yanakwenda hivyo.

Binti Uluguru

mtu_kazi_88, unamfundisha mwenzio namna ya kupoteza mtoto na uhuru wake kwa pamoja. Hiyo "soda" kesi yake iko TAKUKURU. Na upande wa pili wenye wakili wakisikia tu, umemaliza hoja zako zote.

Mama Nuru, mimi ni msaidizi wa kisheria, niko Morogoro. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua, ila kusimama mahakamani kwa niaba yako haituruhusu. Tunachofanya ni kukuelekeza, kukusaidia kuandika na kukuunganisha na mashirika yenye mawakili. Hapo Dar wapo TAWLA, WLAC na LHRC. Wanasikiliza bure kwa asiye na uwezo. Nenda mapema asubuhi, foleni zao si mchezo. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ikipita kwenu usiipuuze pia.

Halafu nina swali. Unaweza kutuandikia hapa aya ile ya hukumu inayoeleza kwa nini mtoto apewe baba? Kama ulinukuu siku inasomwa. Ondoa majina.

Mama Nuru

Leo nimeipata nakala! Karani mmoja wa kike kanihurumia, kafuatilia mwenyewe. Mungu ambariki. Aya yenyewe hii hapa:

"Mahakama hii imezingatia kuwa mtoto wa wadaawa ana umri wa miaka minane na amekwishavuka umri wa kuhitaji malezi ya karibu ya mama. Imezingatia pia kuwa mdaiwa hana ajira wala kipato cha uhakika. Hivyo ni kwa ustawi wa mtoto kuwa akae na mdai."

Binti Uluguru

Nuru ana miaka minane?

Mama Nuru

Hapana. Ana mitano. Kaanza awali mwaka huu. Cheti cha kuzaliwa nilikitoa mahakamani, kilipokelewa wakakipiga muhuri.

Subiri. Nimeisoma yote sikuliona hilo.

Mzee wa Masijala

Umelipata jambo lako. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinasema ustawi wa mtoto ndio wa kwanza. Kisha kinaweka dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake. Ni dhana tu, baba anaweza kuivunja kwa ushahidi, na mahakama inatakiwa kufikiria pia madhara ya kumhamisha hamisha mtoto. Ila kwenye hukumu yako dhana hiyo haikufikiriwa kabisa, kwa sababu hakimu alimhesabu binti kuwa ameshavuka saba. Kielelezo kipo ndani ya faili kinasema vingine.

BabaWatatu

Hilo si kosa la kalamu tu? Watalisahihisha, wataandika mitano, uamuzi utabaki ule ule.

Mzee wa Masijala

Swali zuri hilo, na nakupongeza kwa kurudi na akili.

Kosa la kalamu ni pale namba imekosewa pembeni, kwa mfano kwenye utangulizi, na uamuzi haukuiegemea. Hapa imeandikwa "amekwishavuka umri wa kuhitaji malezi ya karibu". Uamuzi umepanda juu ya hiyo namba. Ukiivuta namba, uamuzi unayumba. Hilo linapelekwa kwenye rufaa kama sababu ya kwanza, na ni "kosa la ukweli" lile lile la kifungu cha 133.

Mwana wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu zangu, huku Kenya kuna kitu twaita mapitio, kiko kwenye Amri ya 45 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010. Warudi mahakama ile ile iliyotoa uamuzi, waonesha kosa lililo wazi kwenye rekodi, au ushahidi mpya ambao hukuweza kuupata kabla hata kwa kujitahidi, au sababu nyengine ya kutosha. Ukishakata rufaa mlango huo umejifunga. Kwa nini huyu dada asifanye hivyo, kosa la umri si liko wazi?

Mzee wa Masijala

Karibu jirani. Na sisi tunayo, Amri ya XLII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, maneno yanafanana kama mapacha. Muda wake siku 30. Mahakama zetu za juu zimeshasema kosa la wazi ni lile ambalo hata anayekimbia akilitupia jicho analiona. Ukihitaji nusu saa kulieleza, hilo si la mapitio, ni la rufaa.

Lakini sheria hiyo ni ya Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Mwanzo haiendeshwi nayo, ina kanuni zake. Mama Nuru akiandika "maombi ya mapitio chini ya Amri ya XLII" akayapeleka Mwanzo, atakuwa amevaa viatu vya mtu mwingine. Shauri lake lingeanzia Wilayani, ningemwambia afikirie.

Kuna na njia nyingine, Mahakama ya Wilaya kuliita faili la Mwanzo na kulikagua. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, ndani ya miezi 12. Wengi huianzisha kwa barua ya malalamiko kwa Hakimu Mfawidhi wa Wilaya. Ni njia nzuri pakiwa na uharibifu kwenye mwenendo wenyewe, mfano mtu hakuitwa kabisa, au mahakama imeamua jambo lisilo lake. Haitumiki kuwa mbadala wa rufaa uliyoizembea.

Mama Nuru

Mzee, kuna mtu kaniambia niseme hati ya Baraza la Usuluhishi ilikuwa na kasoro. Eti hukumu yote itafutwa.

Mzee wa Masijala

Amekwambia ukweli nusu. Ni kweli, kifungu cha 101 kinataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa ndipo talaka ifunguliwe, na shauri lililofunguliwa bila hati halali limewahi kufutwa likiwa tayari limefika juu kabisa. Sasa fikiria: likifutwa lote, na talaka imefutwa. Mnarudi kuwa mke na mume, mnarudi barazani, mnaanza moja. Mtoto atakuwa wapi wakati huo? Wewe umesema talaka huna ugomvi nayo. Usirushe jiwe linaloweza kurudi kichwani kwako. Silaha hiyo ni ya asiyetaka kuachika.

Mtanga wa Muscat

Samahani naingilia uzi. Mimi niko Oman nafanya kazi za ndani. Mume wangu kafungua shauri Mahakama ya Mwanzo huko Tanga, hukumu imetoka mimi siko, nimeletewa picha ya karatasi kwa simu. Sikuitwa wala sikujua. Mimi nakata rufaa?

Binti Uluguru

Pole mdogo wangu. Wewe mlango wako wa kwanza ni pale pale ilipotolewa. Hukumu ya upande mmoja inaombwa itenguliwe kwenye mahakama iliyoitoa, na unaeleza kwa nini hukuwepo. Hoja yako ni kwamba hukufikishiwa samansi, hivyo tafuta kila cha kuonesha ulikuwa nje: pasi yenye mihuri, mkataba wa kazi, jumbe ambazo mume alikuandikia akijua wazi uko Muscat. Usikae. Muda unaanza kukutazama vibaya tangu siku uliyoipata hiyo picha.

Mzee wa Masijala

Na kwa kuwa ni Mwanzo, kifungu cha 33 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu kinairuhusu mahakama kumkubali ndugu yako au mtu wa kaya yako akusimamie kwenye shauri la madai, ukiomba. Mwandikie barua ya kumteua mama au kaka aliyeko Tanga. Hapo hapo nimjibu mtu aliyeuliza inboksi kama wakili wa mume wa Mama Nuru kule Mwanzo alikuwa halali: tangu mabadiliko ya 2021 mawakili wanaruhusiwa Mwanzo pale anapokaa Hakimu Mkazi. Zamani hawakuruhusiwa kabisa.

Wa Zanzibar msichanganyikiwe na tunayosema hapa. Sheria ya Ndoa ya 1971 haifanyi kazi Visiwani, huko kuna Mahakama ya Kadhi na ngazi zake.

Mama Nuru

Nimeandika rasimu ya rufaa. Zimetoka kurasa nne. Nimeeleza tangu alivyonioa, mama yake alivyokuwa ananitukana, yule mwanamke wa pili, na jinsi nilivyouza kitenge changu kununua mabati. Niweke hapa?

Binti Uluguru

Usiweke, ina maisha yako ndani. Nitumie inboksi.

*(baadaye)*

Nimeisoma. Nimelia kidogo, halafu nikachukua kalamu nyekundu. Sababu za rufaa si mahali pa kusimulia ndoa. Hakimu wa Wilaya atalisoma faili la Mwanzo, ushahidi umo humo. Kazi yako ni kumwonesha kidole: angalia hapa, hapa walikosea. Na usimletee hoja ambayo hukuisema Mwanzo, ataikataa. Mabati uliyataja Mwanzo?

Mama Nuru

Niliyataja. Na fundi mkuu alikuja kutoa ushahidi kwamba mimi ndiye nilikuwa namlipa posho na kumpokelea saruji. Kwenye hukumu fundi hajatajwa hata kwa jina.

Mzee wa Masijala

Shahidi ambaye hukumu haikumgusa kabisa. Hilo la pili.

Rufaa ya kwanza ina uzuri mmoja, Mahakama ya Wilaya inaupima ushahidi wote upya kama vile inausikia yenyewe. Ukishavuka hapo kwenda Mahakama Kuu mambo yanakuwa ya kisheria zaidi, na fundi wako atakuwa na nafasi ndogo. Mwaga kila kitu Wilayani.

Kuhusu nyumba, kifungu cha 114 kinataka mahakama ipime mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, na kwa kuyazingatia hayo ielekee kwenye usawa. Na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke ni mchango. Ila usije na Bi Hawa ukadhani umemaliza. Yule mama mwenyewe hakushinda. Mahakama ilikubali kanuni, kisha ikaona fungu lake alikuwa ameshapewa akalitumia. Kinachombeba mtu ni ushahidi wa mchango wake mwenyewe, na wewe unaye fundi.

Binti Uluguru

Hivi ndivyo tulivyoikata, nimepata ruhusa yake kuiweka (mrufani ni Mama Nuru, mrufaniwa ni mume):

"1. Kwamba, Mahakama ya Mwanzo ilikosea kisheria na kiukweli kwa kumpa mrufaniwa malezi ya mtoto kwa kuamini kuwa ana umri wa miaka minane, ilhali cheti cha kuzaliwa kilichopokelewa kama kielelezo kinaonesha ana miaka mitano.

2. Kwamba, Mahakama ya Mwanzo ilikosea kwa kutozingatia kabisa ushahidi wa shahidi wa pili wa mrufani kuhusu mchango wake katika ujenzi wa nyumba.

3. Kwamba, Mahakama ya Mwanzo ilikosea kwa kuchukulia ukosefu wa ajira wa mama kuwa sababu ya kumnyima malezi, ilhali wajibu wa matunzo ya mtoto ni jambo linaloweza kuamriwa dhidi ya baba.

Hivyo mrufani anaomba rufaa ikubaliwe, malezi ya mtoto apewe mrufani, mrufaniwa aamriwe kutoa matunzo, na mgawanyo wa nyumba upangwe upya kwa kuzingatia mchango wa kila mmoja."

Ukurasa mmoja. Kwa Kiswahili, lugha ya mahakama tangu marekebisho ya 2021, mtu asikutishe kwamba lazima iwe Kiingereza.

BabaWatatu

Hiyo ya tatu imenigusa. Kweli kipato si hoja, baba anaweza kulipa mtoto akiwa kwa mama. Nasema hivi mimi ndiye ninayelipa. Ila mimi nililipishwa laki tatu kwa mwezi nikiwa na kazi, kampuni ikanipunguza, na amri iko vile vile. Nimekuwa nalipa nusu nikijua ndiyo uwezo.

Mzee wa Masijala

Ndiyo maana ulikuja na hasira mwanzoni, sasa nimekuelewa. Bwana, usijipunguzie mwenyewe. Ile nusu unayobakiza ni deni linalokua, na siku moja litakaziwa. Wewe ndiye mtu hasa wa kifungu cha 133. Nenda mahakama iliyotoa amri, ukiwa na barua ya kupunguzwa kazini, taarifa ya benki na hesabu ya unachopata sasa. Omba ipunguzwe, usiombe ifutwe. Anayekuja kuomba asilipe kabisa anatazamwa kwa jicho jingine na anayesema ninayo hii, nataka kulipa hii.

BabaWatatu

Asante mzee. Na Mama Nuru, ile ya kwanza niliyoandika naifuta kinywani.

Mama Nuru

Yamepita kaka. Wakuu, kuna jipya na linaniuma. Baba yake amempeleka Nuru Singida kwa bibi yake. Yeye mwenyewe amebaki hapa Dar. Yaani mahakama ilimpa yeye, yeye kampa mama yake.

Mzee wa Masijala

Mtoto kukaa kwa bibi si kosa, nusu ya nchi hii tumelelewa na bibi. Lakini mahakama iliamua mtoto akae na baba, na hali hiyo haipo tena. Hilo limetokea baada ya hukumu, kwa hiyo halimo kwenye faili la Mwanzo, na hakimu wa rufaa hatalijua usipomwambia kwa njia sahihi. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu kinamruhusu kupokea ushahidi wa ziada au kuagiza uchukuliwe. Liombe hilo wazi, kwa maombi na kiapo, usilichomeke katikati ya maneno yako siku ya kusikilizwa.

Nenda pia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Mahakama ina mamlaka ya kuomba ushauri wake kabla ya kuamua malezi, na taarifa yake ina uzito kuliko hadithi ya jirani.

Usifungue maombi ya kifungu cha 133 kule Mwanzo wakati rufaa ya jambo hilo hilo iko Wilayani. Mahakama mbili zikisikia jambo moja kwa wakati mmoja, wakili wa mwenzio atakuita mchezea mahakama, na atakuwa sahihi. Kifungu cha 133 kiweke akiba.

Na kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji. Akitaka kuiuza nyumba au kukulipa hiyo 15 ili utoke, amri ya Mwanzo bado inaishi. Omba usimamishwe, mapema, kwa maombi yake yenyewe.

Kijiwe_Nongwa

Huu uzi uwekwe juu kabisa wa jukwaa, wasimamizi mko wapi. Mimi sina mke wala mtoto lakini nimenukuu.

Mama Nuru

Nimefungua rufaa! Ndani ya siku zake. Nilikwenda Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Temeke, kile cha mambo ya familia, nikaelekezwa vizuri. Siku hizi kila kitu kinaingia kwenye mfumo wa kompyuta, nikapewa namba ya malipo. Ada ilinitetemesha kidogo lakini nililipa. Aliyekuwa mbele yangu aliomba asamehewe ada kwa kukosa uwezo, akapewa fomu. Sikujua hilo linawezekana.

Sasa naomba kuuliza la siku ya kusikilizwa. Dada yangu ana mdomo kuliko mimi, amesoma. Anaweza kusimama aongee badala yangu, kama mlivyomwambia yule wa Muscat?

Mzee wa Masijala

Ile ni ruhusa ya Mwanzo. Wilayani utajisemea mwenyewe. Dada akae nyuma, akutazame usitetemeke.

Wakili wa mwenzio anaweza kupendekeza rufaa isikilizwe kwa maandishi. Kwake ni rahisi, ni kazi yake. Wewe mwombe hakimu kwa heshima isikilizwe kwa mdomo, useme huna wakili. Hakimu akiamuru maandishi licha ya hivyo, tarehe ya kuwasilisha ni kama tarehe ya kuhudhuria. Ukiipitisha ni sawa na ambaye hakuja, na rufaa inaweza kutupwa.

Ukisimama, anza na cheti cha kuzaliwa. Sema tu: "Mheshimiwa, kwenye faili la Mwanzo kuna cheti, naomba mahakama yako ikitazame, kisha isome aya ya malezi." Nyamaza umwache atafute. Akishaona, nenda kwa fundi. Mambo ya mama mkwe yaache nyumbani.

Binti Uluguru

Na chukua kopi ya kila karatasi yenye muhuri, uache seti nyingine kwa dada. Tarehe ikishapangwa nipigie, kuna wakili wa kujitolea hapo Dar nitamwomba aupitie tu ule ukurasa mmoja kabla hujaingia.

Mtanga wa Muscat

Kaka yangu kaenda mahakamani leo na barua yangu. Wamempokea. Wametaka na kopi ya pasi, natuma usiku nikitoka kazini.